Namna ya Kuonja Ramu Kongwe ya Jamaica Iliyolazwa Katika Mapipa Yasiyo ya Kawaida

Ramu ya Jamaica iliyolala ndani ya pipa kwa miaka kumi, kisha ikahamishiwa katika pipa lililowahi kuwa na divai ya Madeira, ya Porto au ya Jerez (sherry ya Hispania), humfikia mkazi wa Tanga mara chache, na aghalabu huja ndani ya begi la ndugu aliyetoka ng'ambo. Kwa kuwa chupa ni ya nadra na bei yake huuma, haistahili kutiwa barafu na soda kabla haijaonjwa yenyewe. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mzima ambaye tayari anakunywa pombe kali na angependa kuelewa anachokunywa. Asiyekunywa hana sababu ya kuanzia hapa. Lengo la mwongozo ni kumwezesha mwonjaji kutenganisha kilichotoka katika mtambo, kilichotoka katika mbao, na kilichoachwa na divai iliyotangulia kukaa katika mbao hizo. Bila utenganisho huo mtu hubaki kusifu utamu na ulaini, sifa ambazo katika ramu ya Jamaica zina uzito mdogo kuliko zote.

Ladha iliyotangulia pipa

Aliyekulia pwani ana mwanzo mzuri wa kulielewa jambo hili. Tembo linalogemwa asubuhi ni tamu. Hakuna anayelitia hamira, ila chachu iliyomo hewani na ndani ya kibuyu hulifanyia kazi, na jioni limekwisha kuwa kali. Likiachwa hadi siku ya pili huanza kuelekea siki. Baadhi ya viwanda vya Jamaica huifuata njia hiyo hiyo kwa makusudi, isipokuwa wao hutumia molasi ya miwa na hawana haraka hata kidogo. Hampden, kilichoko katika parokia (yaani mkoa) ya Trelawny na ambacho historia yake inaanzia 1753, hutegemea chachu ya porini, huacha molasi ichachuke kwa muda mrefu, na huchanganya humo danda, yaani mabaki yenye asidi nyingi yaliyosalia katika mtambo baada ya kukeneka mzigo uliotangulia. Asidi hizo zikikutana na alkoholi huzaa esta, na esta ndizo zinazoipa ramu ya Jamaica harufu inayomshtua anayeinusa mara ya kwanza.

Esta huweza kutajwa kwa majina na kila moja ina harufu yake. Ethili asetati hunuka gundi na dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Isoamili asetati ni ndizi mbivu. Ethili butireti ni nanasi. Kiasi cha esta hupimwa kwa gramu katika kila lita 100 za alkoholi halisi, na sheria ya Jamaica imeweka kikomo cha gramu 1,600. Hampden hugawa ramu zake kwa alama za herufi kulingana na kipimo hicho: alama ya OWH ina gramu 40 hadi 80 tu, na DOK, iliyo juu kuliko zote, ina gramu 1,500 hadi 1,600. DOK haikukusudiwa kunywewa peke yake. Mwishoni mwa karne ya 19, Ujerumani ilipoongeza ushuru wa ramu iliyoingizwa nchini, wafanyabiashara walitaka ramu yenye harufu nzito kiasi kwamba tone dogo lingeweza kuinukisha pombe nyingi isiyo na ladha. 

Viwanda havifanani. Worthy Park, kilichoko bonde la Lluidas katika parokia ya St. Catherine, kilirudi kukeneka mwaka 2005 na hutumia mtambo wa chungu, ule unaopika mzigo mmoja mmoja. Ramu yake ina ndizi nyingi na usafi zaidi kuliko ya Hampden. Appleton, cha bonde la Nassau katika parokia ya St. Elizabeth, kinachohesabu umri wake tangu 1749, huchanganya ramu ya chungu na ya mnara, yaani mtambo mrefu unaokeneka mfululizo, na mtu anayezijua huitambua kwa harufu ya ganda la chungwa. Joy Spence, aliyekabidhiwa kazi ya mchanganyaji mkuu hapo mwaka 1997, ni mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho katika tasnia ya pombe kali. Kwa mwonjaji, maana ya haya yote ni kwamba kabla ya kujiuliza pipa limefanya nini, sharti ajue ramu ilikuwaje kabla ya pipa.

Kusoma lebo

Lebo isomwe kabla ya kizibo kufunguliwa. Umri unaoandikwa kwenye ramu ya Jamaica ni wa ramu changa kuliko zote zilizomo, kwa hiyo "miaka 12" haina maana ya wastani. Kilicho muhimu zaidi ni mahali ramu ilipolala. Katika joto la Jamaica ramu hupotea hewani kwa kasi, na kadirio linalotajwa mara kwa mara ni asilimia 6 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo pipa huwa na zaidi kidogo tu ya nusu ya ujazo wake baada ya miaka kumi, ilhali katika ghala la Uskoti, ambako hupotea takriban asilimia 2, zaidi ya asilimia 80 ingekuwa bado ipo. Mbao nazo hufanya kazi upesi katika joto. Ramu ya miaka kumi iliyokaa Jamaica na ramu ya miaka kumi iliyopelekwa Ulaya ikiwa changa ni vinywaji viwili tofauti hata kama zimetoka katika mtambo mmoja.

Kisha tafuta pipa. Ramu nyingi hulala katika mapipa ya lita 200 hivi yaliyowahi kuwa na wiski ya Marekani aina ya bourbon, kwa sababu sheria ya Marekani huitaka wiski hiyo iwekwe katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa ndani, na hivyo mapipa yaliyokwisha kutumika hupatikana kwa wingi. Hilo ndilo pipa la kawaida. Mengine yote ndiyo tunayoyaita yasiyo ya kawaida. Lebo nzuri itasema kama ramu ililala muda wake wote katika pipa la divai, au ilimaliziwa humo kwa miezi kadhaa au mwaka baada ya kukomaa kwingine. Tofauti ni kubwa: ramu iliyolala humo tangu mwanzo huwa imeshikamana na divai, na ile iliyomaliziwa mara nyingi huonyesha ladha mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine, jambo ambalo kwa mwanafunzi wa kuonja ni la manufaa. Binafsi huishuku lebo inayotaja jina la divai kwa herufi kubwa na kuficha muda. Kama ingekuwa miaka mitatu, wangeandika.

Kanuni za Jamaica haziruhusu ramu yake kuongezwa sukari, ila caramel ya kuipa rangi inaruhusiwa, kwa hiyo wekundu au weusi wa ramu usichukuliwe kuwa ushahidi wa umri. Iliyofungwa Ulaya na wafanyabiashara wengine inaweza kuwa imefanyiwa mambo mengine, na ulimi utakuambia. Ikiwa chupa imenunuliwa hapa nchini, angalia pia stempu ya kodi ya TRA na uzima wa kizibo. Pombe ya kughushi ni hatari kwa macho na kwa maisha, na hakuna mbinu ya kuonja inayoweza kuitakasa.

Chumba, glasi na maji

Joto la Tanga ndilo adui wa kwanza. Wakati wa kaskazi chumba huweza kupita nyuzi 30 hata baada ya jua kutua, na katika joto hilo alkoholi huruka kwa nguvu, ikachoma pua na kuifunika harufu nyingine yote. Majira ya kusi ni bora. Asiyeweza kusubiri kusi aiweke chupa katika friji, si friza, kwa robo saa hivi, ili ramu iwe ya baridi kidogo inapomiminwa na kupata joto polepole ndani ya glasi. Hatua hii ndogo huleta faida kuliko kununua glasi ya bei kubwa. Pangaboi lizimwe wakati wa kunusa, maana upepo wake huchukua harufu kabla haijafika puani. Udi na ubani visifukizwe nyumbani siku hiyo, na mwonjaji asijipake marashi wala asiwe ametoka kukaanga samaki.

Glasi inayofaa ni ndogo, yenye tumbo na mdomo mwembamba, mfano wa ile ya divai. Bilauri pana hupoteza harufu, na kikombe cha plastiki kina harufu yake mwenyewe. Ioshe kwa maji ya moto bila sabuni ya manukato, uikaushe kwa hewa. Maji ya kunywa na ya kutia ndani ya ramu yawe ya chupa. Maji ya visima vingi karibu na bahari yana chumvi, na ya bomba huwa na klorini. Vyote viwili vitaiharibu ramu ya gharama kubwa katika tone la kwanza.

Mwonjaji awe amekula, lakini asile pilau wala mchuzi wa papa muda mfupi kabla, kwa kuwa bizari na pilipili hukaa kinywani kwa saa nyingi. Boflo kavu au muhogo wa kuchemsha vinatosha. Kwa heshima ya majirani, shughuli hii ifanyike ndani badala ya barazani, na wakati wa Ramadhani iahirishwe. Hilo kwa mtu wa Tanga halihitaji kuelezwa.

Sahani ya harufu

Jambo linalowashinda wengi ni kwamba wanasikia harufu lakini hawana pa kuishikiza. Vitabu vya kigeni huwataka watafute harufu ya matunda ambayo hawajayaona, ilhali soko la Mgandini lina karibu kila kitu kinachohitajika. Asubuhi ya siku ya kuonja nunua fenesi lililoiva sana, kipande cha nanasi, ndizi mbivu iliyoanza kuwa na madoadoa meusi, chungwa la Muheza, tende, zabibu kavu, ukwaju, karafuu chache, kijiti cha mdalasini, iliki, na bibo kama msimu wake upo. Ongeza kijiko cha molasi au kipande cha sukari guru, kahawa iliyokaangwa, na kifuu cha nazi kilichounguzwa pembeni mwa jiko la mkaa. Viweke kila kimoja katika kisahani chake, vikiwa mbali na glasi, na uvinuse kimoja kimoja kabla hujafungua chupa. Kazi hii si ya mapambo. Pua ikikumbushwa harufu halisi muda mfupi kabla, huitambua ndani ya ramu mara moja.

Fenesi ndilo ninalolitilia mkazo kuliko yote. Ndani yake mna nanasi, ndizi, gundi na uozo mtamu kwa wakati mmoja, na sijakutana na kitu kingine kinachokaribia ramu ya Jamaica yenye esta nyingi kwa kiasi hicho. Mzee mmoja wa Chumbageni, baharia mstaafu, alipopewa glasi ya Hampden bila kuambiwa ni nini, aliinusa, akaishusha, akasema, "Mwanangu, hili ni fenesi lililosahauliwa jikoni." Hakuongeza neno, na hakukuwa na la kuongeza.

Karafuu nayo ina hadithi yake. Mbao za mwaloni zinapounguzwa hutoa eugenoli, na eugenoli ndiyo hasa iliyomo kwa wingi katika mafuta ya karafuu zinazolimwa milimani huko Amani. Anayesema amesikia karafuu katika ramu ya pipa hajatumia lugha ya picha. Ni kitu kile kile. Ndivyo ilivyo pia kwa vanilini, inayotoka katika mbao zile zile na ndiyo harufu kuu ya vanila.

Kunusa

Mimina mililita 20 katika kila glasi. Ikiwezekana, ziwe glasi mbili: moja ya ramu uliyokusudia kuionja, nyingine ya ramu ya kiwanda hicho hicho iliyolala katika pipa la bourbon tu. Kwa Hampden, chupa ya miaka 8 yenye asilimia 46 ya alkoholi inatosha kuwa kipimo. Kwa Worthy Park, Single Estate Reserve ya asilimia 45. Kwa Appleton, ile ya miaka 12. Pasipo glasi ya pili, kuzungumzia athari ya pipa lisilo la kawaida ni kubahatisha kwa sehemu kubwa, kwa kuwa tende unazozisikia zinaweza kuwa za divai, za umri au za molasi yenyewe.

Funika glasi kwa kisahani na uziache dakika kumi. Ukifunua, usitumbukize pua ndani kama anayenusa ua. Anzia kifuani, uipandishe glasi taratibu hadi harufu ya kwanza ikufikie, na usimame hapo. Mdomo uwe wazi kidogo, pumzi iingie kwa pua na kinywa kwa pamoja, maana hivyo ukali wa alkoholi hupungua. Harufu zinazofika mbali ndizo nyepesi: gundi, dawa ya kucha, nanasi. Hizo kwa sehemu kubwa ni za mtambo na za uchachushaji kuliko za pipa. Ziandike. Kisha sogeza glasi karibu, ukainuse kwa tundu moja la pua na halafu jingine. Hapo kati utakutana na matunda mazito, ndizi iliyopikwa, embe lililoanguka, na katika ramu za Hampden pengine zeituni za chumvi, lami au mpira mpya. Wapo wanaodhani harufu hizo za mwisho ni kasoro. Ni za asili yake, na anayeziogopa afadhali aanze na Appleton.

Mbao husikika chini kabisa, karibu na uso wa ramu, na hazina haraka. Mwaloni wa Marekani huleta vanila na nazi, ile nazi ya kashata iliyoungua kidogo. Mwaloni wa Ulaya huleta karafuu, mdalasini na ukavu. Sasa rudi kwenye glasi ya kipimo na unuse kwa mpangilio huo huo. Chochote kilichomo katika glasi zote mbili kiondoe katika hesabu. Kinachobaki upande mmoja tu, iwe ni zabibu, njugu, moshi au chumvi, ndicho unachoweza kukihusisha na pipa la pili. Usinuse kwa zaidi ya dakika mbili tatu mfululizo. Pua huchoka upesi, na kunusa mkono wako mwenyewe huirudisha hali yake.

Kuonja, na kutia maji

Funda la kwanza ni la kukiandaa kinywa tu. Liwe dogo sana, lisambazwe juu ya ulimi na kwenye fizi, na lisitolewe hukumu yoyote, kwa sababu katika asilimia 50 au 60 kinywa husikia moto kabla ya kusikia ladha. La pili ndilo la kazi. Lishike kwa sekunde kumi hivi, lizungushe, vuta hewa kidogo juu yake, kisha umeze au uteme. Kutema katika kikombe si utovu wa adabu. Wanaoonja kwa kazi hutema, na mwenye glasi tatu mbele yake atawashukuru waliobuni desturi hiyo.

Angalia mambo kwa mfuatano wa wakati. Mwanzoni kuna utamu au hakuna. Katikati matunda ya esta hurudi yakiwa na uchachu wa ukwaju. Mwishoni huja ukakasi wa mbao, ule unaoshika fizi kama bibo bichi. Ukakasi kidogo ni afya ya ramu kongwe. Ukiwa mwingi hadi ulimi ukakwaruza, ramu imekaa kwenye mbao kupita kiasi, na umri mkubwa ulioandikwa kwenye lebo hauwezi kuitetea. Ladha inayobaki baada ya kumeza ihesabiwe kwa dakika. Katika ramu nzuri ya Jamaica hubaki kwa muda mrefu na hubadilika ikiwa huko huko, kutoka nanasi hadi kahawa, kutoka kahawa hadi molasi.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hapo ni lawama. Kwenye ramu ya asilimia 60 kutia maji ni wajibu. Hesabu yake ni nyepesi. Mililita 20 za ramu ya asilimia 60 zikiongezwa mililita 5 za maji, yaani kijiko kimoja cha chai, hushuka hadi asilimia 48. Kijiko cha pili huzifikisha 40. Tia matone machache kwanza, subiri, onja, kisha ongeza. Huwezi kuyatoa yakishaingia. Utaona kwamba maji huzifungua baadhi ya harufu na kuzizima nyingine, na katika ramu zilizomaliziwa kwa divai mara nyingi divai ndiyo inayojitokeza zaidi baada ya kijiko cha kwanza. Ramu ya asilimia 43 au 46 isitiwe maji mpaka uwe umeimaliza nusu.

Kulitambua pipa

Madeira ndiyo ninayoipenda kuwaonyesha wanaoanza. Divai hiyo ya kisiwa cha Ureno hupashwa moto kwa makusudi: ya kawaida hukaa katika matangi yenye nyuzi 45 hadi 50 kwa muda usiopungua miezi mitatu, na iliyo bora huwekwa katika mapipa kwenye dari zenye joto la jua kwa miaka. Desturi hiyo ilitokana na mapipa yaliyovuka bahari za tropiki katika matumbo ya merikebu, yakaonekana divai imerudi ikiwa bora. Kinachobaki katika mbao ni sukari iliyoungua, ganda la chungwa na uchachu mkali, na uchachu huo ndio alama yake. Ukiisikia ramu ikikumwagisha mate pembeni mwa ulimi, na ramu ya kipimo haifanyi hivyo, Madeira ina mkono wake hapo. Worthy Park imewahi kutoa ramu iliyomaliziwa kwa mapipa hayo, pamoja na nyingine za Porto na Oloroso (aina ya divai ya Jerez), na kwa kuwa mtambo ni mmoja, mwenye bahati ya kuzipata pamoja atajifunza mengi jioni moja.

Porto hutoka bonde la Douro, na huongezwa pombe kali ikiwa bado inachachuka ili sukari ya zabibu ibaki. Huleta wekundu, matunda mekundu na utamu wa mwanzoni. Ikikutana na esta nyingi hugombana nazo, na mara nyingi hushindwa; kwenye ramu nyepesi hupendeza.

Mapipa ya Jerez ni makubwa, ya lita 500 hivi, na lazima yatofautishwe. Oloroso ni divai kavu iliyozeeka ikiguswa na hewa, na huacha njugu, ngozi na ukavu. Pedro Ximénez hutengenezwa kwa zabibu zilizoanikwa juani hadi zikakunjamana, na huacha tende, zabibu kavu na sukari guru. Ramu iliyomaliziwa kwa Pedro Ximénez ndiyo inayowavutia wageni kwa haraka, na ndiyo inayonichosha mimi kwa haraka vilevile, maana utamu wake huanguka juu ya nanasi na kulizima. Ifahamike pia kwamba mengi ya mapipa ya Jerez yanayouzwa leo hayakuwahi kuzeesha divai kwa vizazi. Yalijazwa divai kwa mwaka mmoja au miwili kwa ajili ya kuuzwa kwa watengenezaji wa pombe kali. Si udanganyifu, ila bei isipandishwe kwa hadithi ya mapipa ya karne iliyopita.

Marsala ya Sisilia hukaa kati ya Madeira na Oloroso, na sitaisemea zaidi. Pipa la konyaki ya Ufaransa ni la upole na hutambulika kwa harufu ya maua na zabibu mbichi. Pipa lililokuwa na wiski ya kisiwa cha Islay huko Uskoti ni habari nyingine kabisa: moshi wa peat, udongo mweusi unaochomwa kukaushia shayiri, hukaa katika mbao kwa ukaidi, na ndani ya ramu hutoka kama kifuu cha nazi kilichounguzwa pamoja na dawa ya hospitali. Hapo ndipo kisahani chako cha kifuu kinapolipa gharama yake.

Baada ya kulitambua pipa, hukumu iliyobaki ni kama ramu bado inasikika. Funga macho, uulize kama ungejua imetoka Jamaica bila kuiona chupa. Jibu likiwa ndiyo, na pipa limeongeza kitu ambacho glasi ya kipimo haina, kazi imefanywa vizuri. Jibu likiwa hapana, umenunua divai tamu yenye nguvu ya ramu.

Baada ya glasi

Andika maelezo yako ukiwa bado mezani, kwa maneno yako, ukitaja siku, kiwango cha maji na hali ya joto, kwani ramu hiyo hiyo wakati wa kaskazi na wakati wa kusi haitakupa maelezo sawa. Usioshe glasi usiku huo. Asubuhi alkoholi itakuwa imekwisha ruka, na mabaki yaliyokauka chini ya glasi huonyesha mbao na divai bila kizuizi. Mara nyingi ndipo mtu anapothibitisha kama ilikuwa tende au ilikuwa sukari iliyoungua. Watu watatu wakionja glasi tatu za mililita 20 kila mmoja, inatosha kwa siku, na anayerudi nyumbani aende kwa bajaji ya mtu mwingine.

Chupa isimamishwe wima, kwa kuwa pombe kali hula kizibo cha koki ikilazwa, na iwekwe kabatini mbali na dirisha na mbali na ukuta unaopigwa na jua la mchana. Ikibaki chini ya theluthi moja, ihamishie katika chupa ndogo ya kioo inayojaa hadi shingoni, uandike jina na tarehe kwa karatasi na gundi, kwani hewa iliyomo ndani ya chupa kubwa huanza na nanasi kabla ya kitu kingine chochote.